WALE AMBAO UMAR HAKUWAJUA KWA MAJINA



Ndugu zangu wapenzi, darsa ya leo ni ndefu, na ni ya historia zaidi kuliko fiqhi. Mwenye haraka aiweke, aisome baada ya Isha. Naiandika kwa sababu nina deni, na deni lenyewe nitalieleza mbele.

Mwaka wa 21 Hijria, ambao kwa Miladia ni 642, jeshi la Waislamu lilipambana na jeshi la Wafursi mahali panapoitwa Nihawand. Amiri wa Waislamu siku hiyo alikuwa sahaba Nu'man bin Muqarrin (r.a.). Waislamu walipata ushindi mkubwa, lakini Nu'man mwenyewe aliuawa uwanjani. Mjumbe aliyepeleka habari Madina alimkuta Sayyidna Umar (r.a.) hana utulivu, anasubiri habari za watu wake. Akampa bishara ya ushindi, Umar akamhimidi Allah. Akauliza habari za Nu'man, akaambiwa ameuawa. Umar akalia. Akauliza, na nani tena? Mjumbe akataja jina baada ya jina, watu wanaojulikana kwa nasaba na sifa zao, kisha akasema wapo na wengine, ewe Amirul Muuminina, ambao wewe huwajui. Wanahistoria wanasimulia kwamba hapo Umar alizidi kulia, akasema haiwadhuru kitu watu hao kuwa Umar hawajui, maadamu Allah anawajua.

Kisa hiki nilikisoma chuoni nikiwa kijana, na kwa miaka mingi nimekitumia msibani kuwaliwaza watu. Ni liwazo kweli. Lakini kuna upande mmoja nilikuwa siutazami. Huyo huyo Umar ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya wapiganaji na familia zao, kila mtu na posho yake kwa kadiri ya kutangulia kwake katika dini. Hakusema kwamba Allah anawajua, basi mimi nikalale. Allah hahitaji daftari. Wajane na mayatima ndio wanaolihitaji.

Na katika Sahih Bukhari kuna kisa cha mwanamke kijana aliyemfuata Umar sokoni. Akamwambia mume wangu amekufa, ameniachia watoto wadogo, hatuna shamba wala mnyama wa kukamua, hata kongoro la kuchemsha hatuna, naogopa njaa itatumaliza. Mimi ni binti wa Khufaf bin Imaa al-Ghifari, na baba yangu alikuwepo Hudaybiya pamoja na Mtume (s.a.w.). Umar alisimama naye pale pale, hakuendelea na safari yake. Kisha akaenda kumchukua ngamia mwenye nguvu, akampakia magunia mawili ya chakula, katikati akatia fedha na nguo, akamkabidhi yule mama hatamu mkononi. Mtu mmoja akanong'ona kuwa umemzidishia. Umar akamkaripia, akamkumbusha kwamba aliwaona kwa macho yake baba na kaka wa mwanamke huyu wakiizingira ngome kwa muda mrefu mpaka ikafunguka, na matunda yake yakaja kuliwa na watu wengine.

Tazama anavyofikiri Umar. Yule mama si ombaomba. Ni mdai, na mimi na wewe ndio tunaodaiwa.

Sasa twende Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hii hii ya vitenge na vifaa vya simu. Wengi wetu tunakwenda kununua na kurudi bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita vya Kwanza, wenyewe walikiita Carrier Corps, na ndimi zetu zikakifanya Kariakoo. Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi waliwekwa kambi pale. Ukienda Nairobi utakuta Kariokor, ni jina lile lile na asili ile ile. Yaani miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ina soko lenye jina la watu waliobeba mizigo, na humo sokoni hakuna anayewazungumza.

Vita ile ilipiganwa katika ardhi yetu kuanzia 1914 mpaka Novemba 1918. Ilikuwa kati ya Mjerumani na Mwingereza, lakini migongo ilikuwa yetu. Punda na farasi waliuawa na mbung'o, barabara za magari hazikuwepo, kwa hiyo kila kitu kilibebwa kichwani, risasi, unga, hema, mpaka kitanda cha ofisa. Upande wa Waingereza peke yao waliandikisha watu wapatao milioni moja, wengine kwa hiari, wengi kwa kukamatwa vijijini. Hesabu zao wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Upande wa Wajerumani nao walichukua watu kwa nguvu, na huko hata hesabu ya kueleweka haikuwekwa.

Na hawakufa kwa risasi hasa. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa nimonia kwenye baridi ya nyanda za juu, na kwa njaa, huku wamebeba unga wa mtu mwingine. Simama hapo kidogo, ndugu yangu. Mtume wetu (s.a.w.) alipowahesabu mashahidi, alimtaja na yule anayekufa kwa maradhi ya tumbo. Kwa hiyo babu yako Muislamu aliyekamatwa shambani kwake, akavikwa namba shingoni, akafia porini Rufiji au Ruvuma kwa kuhara, usiseme alikufa kifo cha bure. Sisi hatumpi mtu pepo, ila tuna haki ya kumtarajia.

Pale mjini, kwenye barabara ya Samora, lipo sanamu la askari mwenye bunduki. Wazee wa Dar es Salaam walikuwa wakiliita sanamu la Bismini. (Hukumu ya masanamu tunaijua, si darsa ya leo, msinijazie maswali.) Lilisimamishwa mwaka 1927. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu watu wetu wengi waliojua kusoma wakati ule walisomea vyuoni. Maneno yenyewe yalitungwa na mwandishi wao mashuhuri, Rudyard Kipling. Yanawataja askari, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanatoa ahadi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mimi nimelizunguka sanamu lile pande zote. Hakuna jina hata moja.

Na haikuwa kusahau. Waingereza walikuwa na tume maalumu ya makaburi ya vita, ambayo msingi wake ulikuwa kila aliyekufa aandikwe jina lake, mkubwa na mdogo sawa. Huku kwetu msingi huo haukufuatwa. Makaburi ya Wazungu yalikusanywa na kutunzwa, ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori. Gavana wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa kule asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi, na wakubwa wa huku walikuwa na fikra hiyo hiyo. Watu wa Afrika hawathamini makaburi! Sisi ambao mtu akifia Mwanza tunachangishana mpaka azikwe Lindi kwa babu zake. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka mia moja na zaidi imepita, na hata mjukuu wa kuombwa radhi si rahisi kumpata.

Jambo lililoniuma zaidi ni ujira. Wapagazi waliokufa walikuwa na mishahara yao ambayo haikulipwa, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya na warithi hawakujulikana. Fedha hizo zilizozaniwa ofisini miaka na miaka baada ya vita. Katika hadithi ile ya watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiama, mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Jina likipotea, na mirathi inapotea. Ndiyo maana Umar alikuwa na daftari.

Lakini ni rahisi sana kumlaumu Mwingereza. Yeye tumshitakie Allah. Hebu tuje kwenye yetu, na hapa ndipo lilipo deni langu.

Mwaka 1978 nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Nakumbuka watu wazima wamejazana kwenye redio ya baba mdogo, Mwalimu Nyerere anahutubia, anasema sababu ya kumpiga Amin ipo, uwezo upo na nia ipo. Sisi watoto tulishangilia kama tumeambiwa sikukuu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakapora kiwanda cha sukari, kisha yakavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kuwa mpaka wa Uganda sasa ni mto. Nchi ikanyanyuka. Waliokwenda si wanajeshi wa JWTZ peke yao. Walikwenda mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT, na mabasi na malori ya abiria yakachukuliwa kuwapeleka. Januari 1979 walikuwa Mutukula, Februari Masaka, Machi wakakutana na askari wa Libya kule Lukaya, na tarehe 11 Aprili wakaingia Kampala. Wengi sehemu kubwa ya njia waliikata kwa miguu. Waliokufa wapo Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa wake. Sisi tuliobaki tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, na wenye umri wangu wanaijua ile foleni ya sabuni.

Msikitini kwetu alikuwepo mzee mmoja. Familia yake imeniomba nisimtaje jina, nami nimelikubali hilo ingawa mnaona darsa yenyewe inahusu nini. Huyu mzee alikuwa mtengenezaji wetu wa mabomba ya udhu. Bomba likivuja humwiti, unamkuta keshachuchumaa na spana yake. Mguu wake mmoja ulikuwa mzito. Siku moja baada ya Alfajiri alinisubiri mlangoni. Akaniambia, sheikh, mimi nilikuwa Uganda sabini na tisa. Wale tuliopigana nao, wapo tuliowasikia wakitoa shahada. Nikifika mbele ya Allah nitasema nini?

Ndugu zangu, nilikuwa na haraka, kulikuwa na ndoa ya kufungisha Mbagala. Nikamwambia, mzee wangu, ile ilikuwa amri ya jeshi, wewe leta istighfari, Allah ni Mwingi wa kusamehe. Akasema "inshaallah sheikh," akaondoka na mguu wake. Swali lile lilinirudia njiani. Nikasema nitakaa naye siku moja vizuri. Sikukaa naye. Miezi michache baadaye nikamswalia jeneza.

Makaburini walikuja wazee watatu nisiowajua, wamevaa kawaida tu, mmoja ana fimbo. Tulipomaliza talkini walijipanga, wakapiga saluti, kisha wakainua mikono kuomba dua. Kijana wake akaniambia baadaye kwamba mzee alikuwa na jambo alilotaka kuniuliza tena, lakini akawa anasema, sheikh ana shughuli nyingi.

Mnakijua kisa cha mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alifariki, masahaba wakamzika usiku bila kumwambia Mtume, wakiliona jambo lake dogo. Mtume akamuulizia, akaambiwa amekufa. Akawauliza mbona hamkuniambia? Akataka kuonyeshwa kaburi, akaenda akamswalia. Nimekisomesha kisa hicho sijui mara ngapi.

Basi jibu ambalo yule mzee alistahili kulipata ni hili, nalitoa kwa wenzake ambao bado wako hai, na najua baadhi yao wanasoma hapa kupitia simu za wajukuu.

Kwanza, Qur'ani yenyewe, katika Suratul Hujurat, imezungumzia makundi mawili ya waumini yanayopigana. Imeamrisha tupatanishe. Na ikiwa kundi moja linafanya uchokozi juu ya jingine, imeamrisha lipigwe lile lililochokoza mpaka lirejee kwenye amri ya Allah. Aya haikusema kwamba mchokozi akitoa shahada aachiwe aue watu na kuchukua nchi yao. Wakati ule walikuwepo waliosema kuwa Amin ni Muislamu, Gaddafi anamsaidia, basi vita hii ni ya kupiga Uislamu. Maneno hayo yaliwatia unyonge Waislamu waliokuwa mbele kabisa ya vita. Nani aliyeuawa Kagera? Walikuwemo Waislamu pia. Nani alikuwa Mkuu wa Majeshi yetu? Jenerali Abdallah Twalipo. Dhulma haiwi halali kwa kuwa mwenyewe ana jina kama langu.

Pili, wale mliowasikia wakitoa shahada walikuwa ndugu zenu, na maumivu mliyokuwa nayo si udhaifu wa imani, ni imani yenyewe. Imamu Ali (r.a.), aliyelazimika kupigana na Waislamu, imepokewa kwamba aliulizwa juu ya wapinzani wake, je ni makafiri? Akakataa. Akasema ni ndugu zetu waliotufanyia uasi. Baada ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 Hijria, wanasimulia kuwa aliwaswalia waliokufa wa pande zote mbili. Kwa hiyo mzee wangu, unaweza kuwaombea na wale. Hakuna anayekukataza.

Tatu, na hapa sitaki kumdanganya mtu kwa kumpenda. Kwenda mpaka Kampala ni uamuzi wa wakubwa, na wanahistoria wana maneno yao juu yake, wewe hukuulizwa. Lakini Masaka na Mbarara miji iliharibiwa vibaya, na vita ina mambo ambayo anayajua aliyeyafanya na Mola wake. Kama mkononi mwako kuna mali ya mtu au damu isiyokuwa ya mapigano, hilo lina toba yake na njia zake, njoo tukae. Milango yangu safari hii iko wazi, na ndoa za Mbagala wapo maimamu wengine wa kuzifungisha.

Mtaniuliza, sheikh, hiyo siku ya mashujaa si bid'a? Kuwaombea maiti wetu dua kumekubaliwa, kuzuru makaburi ni sunna, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikwenda kuwaombea mashahidi wa Uhud miaka minane baada ya vita. Tarehe kwenye kalenda ya serikali si ibada, ni tarehe. Lisilokuwa na dalili usilifanye, lakini usiwe mtu ambaye tarehe 25 Julai analo neno la kupinga na hana hata dua moja.

Na wenzetu Wakristo waliokufa pamoja nao? Shukrani haichagui. Mut'im bin Adiy alikufa mshirikina, lakini ndiye aliyempa Mtume (s.a.w.) hifadhi aliporudi kutoka Taif. Baada ya Badr, mbele ya mateka wa Makka, Mtume alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akamuombea watu hawa, angewaachia kwa ajili yake. Miaka ilikuwa imepita, mtu mwenyewe yuko kaburini, na wema wake bado unatajwa hadharani. Mjane wa askari Mkristo mtaani kwako mtazame kwa jicho hilo.

Tumeanza kitu kidogo msikitini. Tumenunua daftari la jalada gumu, liko kwa katibu. Anayekuja anaandika jina la mtu wake aliyekwenda vitani, vita yoyote, aliyerudi na asiyerudi, na kama ameacha mjane au mtoto mwenye shida, tunaandika pembeni na kamati inakwenda kumtazama. Mpaka Ijumaa iliyopita yalikuwepo majina 23. Kumi na tisa ni ya Kagera. Matatu ni ya Vita vya Pili, waliopelekwa Burma. Lililobaki aliliandikisha bibi mmoja mtu mzima sana, la babu yake mzaa mama, aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa Mjerumani asionekane tena. Jina la baba yake halijui, kijiji hana hakika nacho, ana hilo jina moja tu alilosikia kwa mama yake. Katibu akamuuliza aandike nini kwenye nafasi ya jina la pili. Bibi akasema, iache wazi, huenda akatokea anayelijua.